Chumba cha Mtoto Aendaye Chuoni

Hiki ni kipindi chetu cha wanafunzi wa madarasa ya elimu ya watu wazima, na leo nasema hasa nanyi mlioko Madibira, ijapokuwa wenzetu wa Rujewa, Igawa na Mafinga nao wasizime redio. Kila mmoja awe na daftari na kalamu. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya sita: kodi, mkataba, mpangaji, mwenye nyumba, dalali, stakabadhi. Yasomeni pamoja, polepole, mara mbili. Mpangaji ni yule akaaye katika nyumba ya mtu kwa kulipa. Dalali ni yule akutafutiaye chumba, naye akapata ujira wake. Stakabadhi ni karatasi ya kuthibitisha kwamba fedha imepokewa. Hayo mengine mwayajua.

Mwezi uliopita mama mmoja wa darasa letu alinijia baada ya somo la hesabu. Binti yake amechaguliwa kwenda kusoma Mbeya, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kile wakiitacho MUST, kilichoko Iyunga. Alikuwa na furaha, lakini mkononi alishika simu kama mtu ashikaye kaa la moto. Dalali alikuwa amempigia akasema chumba kipo, kizuri, karibu kabisa na chuo, ila watu watatu wanakigombea. Basi atume kodi ya miezi sita leo hii kabla jua halijazama. Mama akaniuliza, "Mwalimu, nitume?"

Nilimjibu asitume. Tena nilimwambia kwamba jambo lake nitalifanya somo, maana halikuwa lake peke yake.

Zamani mwanafunzi aliyekwenda mbali na kwao alilala bwenini, na mzazi hakuwa na haja ya kufikiri habari za chumba. Siku hizi mambo ni mengine. MUST kilianza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi. Leo ni chuo kikuu. Kule Iringa, shule ya Mkwawa iligeuzwa mwaka 2005 kuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kuna Chuo Kikuu cha Iringa, kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha, na vingine. Wanafunzi wameongezeka kupita vitanda vya mabweni. Kwa hiyo mitaa inayozunguka vyuo imejaa nyumba za kupangisha, chumba hiki na chumba hiki, na vijana wenyewe huviita mageto. Sisi wa Madibira tuko katikati: anayeshika njia ya Mafinga huenda Iringa, anayeshika njia ya Rujewa huenda Mbeya. Huku na huku mtoto atakuta chumba cha kupanga kinamngoja, na mwenye chumba anaingoja fedha ya mpunga wako.

Jambo la kwanza, kabla ya kutafuta chumba mtaani, ulizeni kama chuo kina nafasi ya bweni. Mtoto aende katika ofisi ya mlezi wa wanafunzi, aandike ombi lake. Vyuo vingi huwafikiria kwanza wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wasichana, na wenye ulemavu. Bweni lina msongamano, hilo kweli, lakini halina dalali. Ikiwa nafasi imekosekana, hapo ndipo mtafute chumba. Wala msingojee fedha ya Bodi ya Mikopo kwa ajili ya kodi ya kwanza. Wanaopata mkopo hupewa fedha ya chakula na malazi, ile vijana waiitayo bumu, lakini huipata baada ya kufika chuoni, kujisajili na kutia sahihi. Mwenye nyumba huitaka yake kabla ya hapo. Kodi ya kwanza ni ya mzazi.

Sasa shikeni kalamu, tufanye hesabu. Bei nitakazotaja ni za mfano tu wa darasani. Mkifika mjini mtaweka bei mtakazozikuta.

Chumba cha kwanza kiko karibu na lango la chuo, kodi yake shilingi 60,000 kwa mwezi. Chumba cha pili kiko mbali, kodi yake shilingi 40,000. Kipi ni rahisi? Darasani kwetu wote walijibu, "Cha pili!" Haya, endeleeni kuandika. Kutoka chumba cha pili mtoto hupanda bajaji, shilingi 500 kwenda na 500 kurudi. Kwa siku ni 1,000. Kwa siku tano za masomo ni 5,000. Kwa majuma manne ni 20,000. Jumlisheni na kodi: 40,000 na 20,000 ni 60,000. Vyumba vimelingana. Tena mtoto hukaa maktaba mpaka usiku mara mbili kwa juma, na bajaji za usiku zimekwisha. Lazima apande bodaboda, ambayo humzidishia shilingi 1,000 kila mara. Mbili kwa juma, majuma manne, ni 8,000. Basi chumba cha shilingi 40,000 kimekuwa cha shilingi 68,000, na hatujahesabu wakati uliopotea njiani.

Lakini msinielewe kwamba chumba cha mbali hakifai kamwe. Mtu mmoja darasani, mzee wa makamo, alisimama akasema, "Mwalimu, mbona kijana ana miguu?" Alisema kweli. Kama mwendo ni nusu saa na njia ina watu, kijana atembee, na chumba cha pili kitakuwa rahisi kweli kweli. Swali ni njia ile saa mbili usiku ikoje, na je, ni mtoto wa kike au wa kiume, na masomo yake yana kazi ya maabara jioni au hayana. Hesabu hufuata maisha ya mtoto mwenyewe. Mtoto wa jirani yako anayefaa kukaa mbali si lazima awe mfano wa wako.

Tuzidishe. Kodi ya shilingi 60,000 kwa miezi sita ni 360,000. Dalali naye mara nyingi hutaka ujira wa kodi ya mwezi mmoja, yaani 60,000. Jumla ni 420,000, na mtoto bado hana godoro, ndoo, wala jiko. Gawanyeni 420,000 kwa bei mliyouzia gunia la mpunga mwaka huu, mwone ni magunia mangapi. Nangoja. Kila mtu aandike jibu lake pembeni mwa ukurasa, asimwonyeshe mwenzake.

Kuna hesabu moja ambayo wazazi wengi huisahau, nayo ni ya miezi. Vyuo vyetu hufunguliwa kati ya Oktoba na Novemba, na likizo ndefu huanza yapata Julai au Agosti. Aliyelipa miezi sita kuanzia Novemba, kodi yake yaisha mwisho wa Aprili. Akilipa sita nyingine, amelipia mpaka Oktoba. Lakini mtoto atakaa Mei, Juni na Julai, kisha arudi nyumbani au aende mafunzo kwa vitendo mahali pengine. Miezi mitatu amelipia chumba kilichofungwa kufuli. Wengine huridhika, maana vitu vya mtoto vinahifadhiwa na nafasi haichukuliwi. Lakini hakuna dhambi kumwomba mwenye nyumba mlipe miezi mitatu ile tu, au mlipe nusu wakati wa likizo. Wengine hukubali. Asiyeulizwa hajibu.

Sasa tuingie chumbani wenyewe. Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Chumba hakiangaliwi kwa simu. Picha hupigwa pembe nzuri ya chumba, siku ya jua. Nauli ya kwenda Mbeya na kurudi ni ndogo kuliko kodi ya miezi sita, basi mmoja wenu aende na mtoto. Mkifika, tazameni juu kwanza. Dari likiwa na mabaka ya rangi ya chai, paa linavuja, hata kama siku hiyo ni kiangazi kikavu. Kisha tazameni chini ya kuta. Rangi ikichubuka na kutoa unga mweupe, ukuta unanyonya maji. Vuteni pumzi. Chumba chenye ukungu hunuka hata kikipuliziwa manukato. Fungueni dirisha, lifunguke. Sukumeni mlango, ufunge. Ulizeni kama kitasa kitabadilishwa, maana mpangaji aliyetoka huenda ana ufunguo mfukoni. Pimeni kwa hatua: kitanda kitakaa hapa, je, meza ya kusomea itakaa wapi? Mtoto hakupelekwa Mbeya kulala.

Habari ya dirisha si ya hewa nzuri tu. Sisi tumezoea joto la bonde la Usangu. Mji wa Mbeya uko juu, kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Iringa nayo iko juu. Juni na Julai baridi yake hupenya blanketi. Mtoto aliyetoka huku kwetu atashawishika kuingiza jiko la mkaa chumbani, afunge mlango na dirisha, apate joto. Mkaa uwakao hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haimwashi mtu macho kama moshi. Mtu aweza kushikwa na usingizi, kisha asiamke. Kwa hiyo chumba kisicho na dirisha la kufunguka, wala mahali pa kupikia nje, barazani au jikoni, hicho mimi nakikataa hata kingekuwa bure. Tena mtoto afungiwe blanketi la pili katika mizigo yake.

Ulizeni maji. Msimwulize mwenye nyumba, maana atasema yapo. Mwulizeni mpangaji, yule dada anayefua uani: bomba hutoka siku gani, na lisipotoka ndoo ni shilingi ngapi, na huchotwa wapi. Hesabuni vyumba, kisha hesabuni vyoo. Vyumba kumi kwa choo kimoja, asubuhi wote wana kipindi saa moja na nusu, mwaona wenyewe. Kama choo kiko nje, tembeeni mpaka pale na mwone kama kuna taa na kama mlango una komeo kwa ndani. Kwa mtoto wa kike jambo hili hutangulia uzuri wa rangi na vigae. Kuna vyumba vyenye choo na bafu ndani, huitwa masta. Kodi yake iko juu, lakini wawili wakikaa pamoja wanaweza kuimudu. Wakikaa wawili, iandikwe mapema kila mmoja atalipa nini, na mmoja akihama nani atabeba nusu yake. Urafiki wa juma la kwanza chuoni si wa kutegemea sana katika mambo ya fedha.

Umeme nao una hesabu yake. Nyumba nyingi zina mita moja ya LUKU kwa vyumba vyote, na wapangaji huchanga sawasawa. Vyumba sita wakinunua umeme wa 30,000, kila kimoja ni 5,000. Lakini mwenye taa na simu analipa sawa na mwenye jokofu na pasi. Ulizeni kama kila chumba kina mita yake ndogo. Jueni pia kwamba tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo katika LUKU. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Semeni naye waziwazi itarudishwaje.

Kisha, kama mwaweza, rudini pale usiku. Mchana mtaa wote umenyamaza. Usiku ndipo mtagundua kilabu cha pombe nyuma ya ukuta, au spika za muziki zinazolia mpaka saa saba. Ulizeni geti hufungwa saa ngapi. Kuna mwenye nyumba afungaye saa tatu usiku barabara, nayo maktaba ya chuo bado iko wazi. Huyo ni mtu mwema pengine, ila si wa mwanafunzi.

Nimefika kwenye karatasi. Wasikilizaji, hapa nitawasimulia aibu yangu.

Mwaka 2011 nilikuwa mwanafunzi Iringa mjini. Baba alinisindikiza kutafuta chumba. Yeye alikuwa hajui kusoma. Tulipata chumba cha shilingi 25,000, tukakipenda, maana kilikuwa kimepakwa rangi juzi. Mwenye nyumba, mzee mwenye heshima zake, akatoa karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono. Baba akanitazama, akasema, "Soma, mwanangu." Nami niliona haya kumsomea mzee wa watu karatasi yake mbele yake, kana kwamba namshuku mwizi. Niliitupia macho, nikasema, "Ni sawa, baba." Akachovya dole gumba katika wino, akaweka. Tukalipa 150,000.

Mvua za Desemba zikaja. Ile rangi mpya ilikuwa imefunika mabaka. Maji yalishuka juu ya kitanda na juu ya madaftari yangu. Nikamwendea mwenye nyumba, akaniambia kwa upole niitazame karatasi. Mstari wa nne ulisema matengenezo ni juu ya mpangaji. Mstari wa sita ulisema fedha ikishapokewa hairudishwi kwa sababu yoyote. Nilihama mwisho wa mwezi wa pili. Hesabuni wenyewe: miezi minne mara 25,000. Nilipomweleza baba, hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kwani siku ile karatasi ilisemaje?" Sikuwa na jibu. Mwenye kusoma tulikuwa naye, na karatasi haikusomwa.

Basi nasema: karatasi isomwe kwa sauti, mstari kwa mstari, mbele ya mwenye nyumba, kabla ya sahihi au dole gumba. Akikasirika, hiyo nayo ni habari ya kujua. Tafuteni humo majina ya watu wote wawili. Chumba kipi na nyumba ipi. Kodi kwa tarakimu na kwa maneno. Tarehe ya kuanza na ya kwisha. Nani hutengeneza paa, kitasa na choo. Umeme na maji hulipwaje. Na mtu akitaka kuhama mapema itakuwaje. Jambo lisiloandikwa, hata likiahidiwa kwa kuapa, lihesabiwe kwamba halipo. Ni vizuri mwenyekiti wa mtaa awe shahidi na karatasi igongwe muhuri wake, maana yeye hujua nyumba ile ni ya nani. Wako matapeli waonyeshao chumba kisicho chao, wakapokea kodi ya watu watatu kwa chumba kimoja, kisha simu ikazimwa. Mkilipa kwa simu, lile jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri lisomeni herufi kwa herufi. Likiwa si jina lililo katika mkataba, acheni. Ujumbe wa malipo msiufute. Huo ndio stakabadhi yenu mpaka mpewe ya karatasi.

Yule mama alikwenda Mbeya na binti yake. Kile chumba cha dalali kilikuwapo kweli, wala hakikuwa karibu na chuo, na kilikuwa na dirisha dogo kama la banda la kuku, tena limegongelewa ubao. Walizunguka siku mbili. Walichopata si kizuri sana: choo ni cha nje, ukuta haujapigwa lipu upande mmoja. Lakini ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, dirisha linafunguka, na wapangaji wengine watatu ni wasichana wa chuo hicho hicho. Mwenye nyumba amekubali kodi ya miezi mitatu mitatu. Mama aliniletea mkataba darasani, akasimama akausoma mbele ya wenzake. Alikwama katika neno "matengenezo", akarudia silabi moja moja, akalivuka. Mstari ule unasema ni juu ya mwenye nyumba. Aliniambia kwamba ulikuwa umeandikwa kinyume, naye alikataa kutia sahihi mpaka ukafutwa na kuandikwa upya.

Kazi ya juma hili ni hii. Mwalimu aandike ubaoni mkataba wa mistari minane, ndani yake aweke makosa matatu: kodi ya tarakimu isiyolingana na ya maneno, tarehe ya kwisha isiyoandikwa, na mstari mmoja wa kumdhulumu mpangaji. Wanafunzi wayatafute. Mkutanapo tena, kila mmoja alete jibu la ile hesabu ya magunia. Kwaherini.